Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Maabara na Dubu-maji Wake

Jirani yangu wa Kisauni akipata wageni huwaambia mimi ni muosha chupa wa chuoni. Sijawahi kumsahihisha, maana chupa naziosha kweli. Lakini kazi yangu ni fundi wa maabara, na wiki hii nzima nimekuwa nikikausha wanyama kisha nikiwafufua.

Saa 11:00 alfajiri. Swala, chai, mahamri mawili na mbaazi za jana. Saa 12:15 niko kwenye matatu, na daraja la Nyali limeshaanza kujaa.

Saa 1:00 asubuhi. Nashukia Mji wa Kale kabla jua halijakaza. Kuna kichochoro chenye ukuta wa matumbawe unaodondokewa maji ya kiyoyozi usiku kucha, na hapo pameota kuvumwani, ule uzulia mfupi wa kijani. Nakwangua kipande cha ukubwa wa sarafu, natia kwenye bahasha. Mzee mmoja barazani ananitazama.

"Mwanangu, hiyo ni ya dawa?"

"La, Mzee. Natafuta vidudu."

"Kwani nyumbani kwenu havipo?"

Sikuwa na jibu.

Saa 2:30. Kuloweka, kuchuja, kuinamia hadubini mpaka shingo igome. Dubu-maji ana miguu minane yenye kucha, wengi wao hawafiki hata milimita moja, na hujikokota kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Mjerumani Goeze alimwona mwaka 1773 akamwita dubu mdogo wa maji. Leo nimepata kumi na wanne. Nawaweka juu ya karatasi ya kuchujia, ndani ya kopo lililofungwa lenye kibakuli cha chumvi ya jikoni iliyokorogwa majini hadi ikakataa kuyeyuka. Chumvi hiyo hushikilia unyevu wa hewa humo ndani karibu asilimia 75, basi wanyama wanakauka polepole. Kifaa chote hakinigharimu zaidi ya pakiti ya chumvi.

Saa 5:00. Hapa ndipo siku ilipoharibikia.

Mwanafunzi mmoja aliingia na sahani yake mkononi. "Bi Fundi, wangu hawafufuki, na saa nane namwonyesha mwalimu."

"Uliwakausha vipi?"

"Nimewaweka chini ya taa, nikawasha na feni. Dakika kumi tu wakawa tayari."

Tayari! Nikamwambia, mdogo wangu, hawa umewakaanga.

"Lakini si hawafi hawa? Hata anga za juu walipelekwa."

Walipelekwa, mwaka 2007, wakiwa wameshakaushwa kwa utaratibu. Hilo ndilo watu wasilotaka kusikia. Dubu-maji hazaliwi mkavu. Anapohisi maji yanapungua hukunja miguu, hujikunyata akawa kipipa, na maji ya mwilini hushuka hadi kama asilimia 3. Wako wanaostahimili haraka, lakini wengi wanahitaji saa kadhaa za kujiandaa, kwa sababu kuna protini za kutengenezwa au kuongezwa kabla ukame haujafika ndani ya seli. Ukiwawashia feni, maji yanatoka kabla kinga haijawa tayari. Protini za kawaida zinapoteza umbo na kugandana, utando wa seli unapasuka. Na ajabu ni kwamba hewa ya Mombasa, hii inayotuotesha ukungu kwenye viatu, ingemkaushia taratibu bila malipo.

Akaniambia amesoma kwamba kinga yao ni sukari, trehalosi. Nikavuta kiti. Sukari hiyo ndiyo tegemeo la viumbe wengine wa kukauka, lakini kuna dubu-maji ambao walipopimwa haikuonekana kabisa. Mwaka 2017 mtafiti Boothby na wenzake walionyesha kuwa kazi kubwa inafanywa na protini zisizo na umbo maalumu. Walipozizuia zisitengenezwe, wanyama wengi zaidi walikufa wakikaushwa. Walipozitia kwenye hamira na bakteria, navyo vikastahimili ukame zaidi. Maji yakipungua protini hizi hushikana kama uji mzito, yakiisha zinakuwa kama kioo.

"Kashata umeshaiona ikipikwa?" nikamuuliza. Shira ikiganda, karanga haisogei wala haigongani na mwenzake. Basi karanga ni vile vitu vyote vya ndani ya seli. Ukitia maji shira inayeyuka, karanga zinatoka nzima.

Akataja na Dsup. Hiyo ni protini nyingine ya dubu-maji: hukumbatia DNA, na Wajapani walioitangaza mwaka 2016 waliitia kwenye seli za binadamu, madhara ya eksirei yakapungua kama asilimia 40. Haimwokoi mtu na feni yake.

Nusu saa nzima nimezungumza. Akanyamaza, kisha: "Sasa si unipe wako tu, niseme ni wangu?"

Nilimtoa nje kwa heshima zote.

Baada ya adhuhuri saa sizikumbuki sawasawa. Darasa la watu arobaini lilikuja, pipeti mbili zikavunjika, nikala wali nikiwa nimesimama. Wakati fulani nilikumbuka kopo la Jumatatu, nikavidondoshea vile vipipa tone la maji na kurudi kwenye sinki. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, walitumia zile protini zisizo na umbo na trehalosi kuhifadhi dawa ya watu ambao damu yao haigandi, ikakaa kavu nje ya friji. Nilikuwa nikiliwaza hilo huku nasugua birika lenye ukoga. Nani asingelitaka, kwenye joto letu hili?

Jua lilikuwa linazama niliporudi kwenye hadubini. Kipipa kimoja kilikuwa kimevimba. Nikangoja. Mguu wa nyuma ukatoka, ukapiga maji mara mbili, ukatulia, ukapiga tena. Saba kati ya tisa waliamka. Nilirekodi kwa simu, nikamtumia yule kijana bila neno lolote.

Nimefika Kisauni saa 2 usiku, miguu inawaka. Jirani alikuwa mlangoni.

"Leo umeosha chupa ngapi?"

"Thelathini na mbili."