Ramadhani ya mayai

Nahodha, kasuku wetu, alitaga katika Ramadhani ya 2019, na kabla ya hapo nyumba nzima ilimjua kuwa ni dume. Jina alipewa na Bibi, aliyesema ndege anayetembea vile, kifua mbele, hawezi kuwa ila nahodha wa jahazi. Muuzaji wa soko la Seeb aliyemuuzia Baba mwaka 2008 alimgeuza tumbo juu, akapapasa mifupa ya nyonga kwa kidole, akaapa: "Dume, wallahi." Kasuku wa kijivu hajulikani jinsia kwa macho wala kwa kidole. Wapo watakaokwambia utazame rangi ya chini ya bawa, wengine ubapa wa kichwa, wengine ncha za manyoya mekundu ya mkiani. Uhakika hutoka maabara, kwa kupimwa vinasaba vya unyoya au tone la damu. Lakini nani kwetu, zama hizo, angepeleka unyoya maabara?

Kwetu ni Maskati, Omani, ila lugha ya ndani ni Kiswahili. Bibi alikuja kutoka Unguja mapema miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi na Waomani wa Afrika ya Mashariki kuanza kurudi kwa wingi. Nahodha naye alilelewa kwa lugha hiyohiyo. Asubuhi alibisha "Hodi!" ndani ya tundu lake, Bibi akajibu "Karibu, mwenyewe yupo," na hapo ndipo siku ilipoanza. Aliiga kikohozi cha Ami, mlango wa friji, hata Shangazi anavyomalizia simu kwa "haya, haya, haya".

Ami alipohamia Salalah kikazi, ndege akaanza kujinyonyoa. Ami ndiye aliyekuwa akilala sebuleni karibu naye na kumlisha lozi kwa mkono. Manyoya ya kifua yalitoka yote, ikabaki ngozi tupu kama ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Daktari wa wanyama alimpima, hakuona ugonjwa wala wadudu. Akatuuliza huyu ndege anashinda na nani. Tukatazamana. Kasuku hawa kwao msituni, kutoka Kongo mpaka Uganda na Kakamega, ni watu wa kundi. Jioni hukusanyika mamia kwa mamia kwenye miti ya kulalia. Wetu alikuwa akishinda na televisheni.

Ndivyo alivyokuja Baharia, mwisho wa 2016. Yeye alikuwa na pete ya chuma mguuni, ile isiyo na kiungo, ambayo huvishwa kinda akiwa mdogo sana na haiwezi kupita mguu ukishanenepa. Pete hiyo na karatasi zake zilionyesha kwamba alizaliwa kwa mfugaji Afrika Kusini. Nahodha hakuwa na pete, na mie siku hizi nikifikiri alitekwa wapi moyo hunisinyaa. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa Johannesburg wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, nchi ziliamua kumpandisha kasuku wa kijivu kwenye orodha ya kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Kwa waliokwisha kufika Seeb uamuzi ulichelewa.

Sitasimulia sana habari ya kuwazoesha, maana ilikuwa kazi ya subira tu. Karantini chumba cha mbali kwa zaidi ya mwezi, kwa kuogopa ugonjwa wa midomo na manyoya ambao hauna dawa. Halafu matundu mawili ndani ya sebule, kila wiki yakisogezwa kidogo. Siku ya kuwafungulia tuliwakutanisha juu ya viti vya chumba cha kulia, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na madai napo. Nahodha alitanua mabawa, mboni za macho zikifumba na kufumbua, akamfukuza mgeni kiti kwa kiti mpaka wote wakachoka. Watu wengi wanaoniuliza juu ya kufuga kasuku wawili huanza na dume na jike. Mie huwauliza kama wana matundu mawili na vyombo viwili vya chakula. Nimeona watu wanavyonunua ndege wa pili kana kwamba wanamnunulia wa kwanza mke, wakawatia tundu moja usiku uleule, asubuhi wakaokota kidole cha mguu.

Kufika mwaka wa pili walikuwa hawaachani. Walichambuana manyoya ya shingo, kila mmoja akiinamisha kichwa zamu yake ikifika. Kifua cha Nahodha kikaota tena, si chote. Ila "Hodi!" ikapungua. Baharia alikuja na maneno machache ya Kimalayalam ya wafanyakazi wa dukani, pamoja na mlio wa simu ya kizamani, na Nahodha akaona hayo ndiyo mazungumzo. Bibi alikuwa akibisha yeye mwenyewe asubuhi, "Hodi, Nahodha!", asijibiwe, ndege kampa mgongo anamkuna mwenzake. Jioni moja akamwambia Baba, kwa sauti ya kusikika na sote: "Umeniletea mke mwenza."

Basi, Ramadhani ile iliangukia Mei, na Mei ya Maskati joto limeshavuka nyuzi 40. Nyuma ya kochi kulikuwa na katoni ya televisheni mpya ambayo Baba alikuwa anasema ataitupa. Nahodha aliigundua. Kila alipotolewa tunduni alikwenda moja kwa moja, akatoboa mlango wa kumtosha, akawa anachana karatasi kwa ndani toka alasiri mpaka adhana ya magharibi. Baharia alisimama mlangoni akitikisa kichwa juu chini na kumcheulia chakula mdomoni. Shangazi alitazama akasema haya ni mapenzi ya posa. Alidhani kinyume tu: kwamba Baharia ndiye jike, na Nahodha anamjengea nyumba.

Nilikwenda kuwasha taa wakati wa daku nikasikia mkwaruzo kochini. Usiku tulizoea kuwafungia matunduni, lakini jana yake Nahodha alikataa kutoka katonini, akauma, na Baba kwa uchovu wa tarawehe akasema mwacheni. Nikamulika kwa simu. Nahodha alikuwa amejikunja juu ya vipande vya karatasi, na chini ya kifua chake kulikuwa na yai jeupe, urefu wake sentimita nne hivi.

Bibi alikuja na kikombe cha chai mkononi. Akainama, akatazama, akanyanyuka taratibu. "Nahodha ametaga," akasema, kisha akanywa chai yake, maana alfajiri ilikuwa inakaribia.

Ami alipigiwa simu Salalah wakati huohuo. Alicheka mpaka akakatika sauti. Halafu, kwa kuwa Ami ni mtu wa mipango, kabla ya adhuhuri alikuwa ameshawaahidi makinda watu kadhaa. Kwa hesabu yake mambo yalikuwa wazi: kama Nahodha ni jike, Baharia ndiye dume, na kinachofuata ni vifaranga.

Daktari alitwambia tusiondoe yai. Ukiliondoa, ndege hutaga jingine kufidia, na kila ganda linajengwa kwa kalsiamu inayotoka mwilini mwake. Kasuku wa kijivu hasa ni wepesi wa kupungukiwa kalsiamu, na wengi hulishwa alizeti, ambayo ina mafuta mengi na kalsiamu kidogo. Tukaanza kuwapa mboga za majani, yai la kuku la kuchemsha na ganda lake limesagwa, na ule mfupa mweupe wa ngisi ambao Baba aliuokota ufukweni, akauosha na kuuanika. Kila asubuhi kabla jua halijawa kali walitolewa barazani kidogo. Bibi aliuliza kwani jua la dirishani lina kasoro gani. Linayo: kioo huzuia ile miale inayomsaidia ndege kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu ya chakula haimfai kitu.

Siku chache baadaye likaja yai la pili. Kasuku hupitisha siku mbili tatu baina ya yai na yai, kwa hiyo hapo hesabu ilikuwa sawa. Kilichotushangaza ni kwamba Baharia naye aliingia katonini. Tulitarajia akae nje alinde na kulisha, kwani kwa kasuku wa kijivu anayelalia mayai ni jike, na dume kazi yake ni kumhudumia. Hawa walilala ubavu kwa ubavu, mikia miwili myekundu ikitokeza mlangoni. "Dume mwenye huruma," Shangazi akasema, akimtazama mumewe.

Kisha ikaja asubuhi ya mayai mawili. Nilihesabu usiku baada ya tarawehe, nikahesabu tena wakati wa daku, na yalikuwa yameongezeka mawili kwa mpigo. Nikadhani nimekosea. Nikamwita Bibi. Yeye alifuga kuku Unguja miaka mingi, na kuku wala kasuku, kwa jambo hili, hawakutofautiana. "Tumbo moja halitoi mawili usiku mmoja," akasema. Akamtazama Baharia, ambaye alikuwa amejituna manyoya kwa kiburi cha mzazi. "Na huyu naye." Halafu akaanza kucheka, akakaa chini kwenye zulia akicheka, akishika magoti. "Si nilisema mke mwenza? Nilisema au sikusema?"

Majike wawili wa kasuku kufanya hivi si ajabu. Wakikosa dume, au hata wakiwa naye, huweza kuchaguana, wakalishana, wakapandana, wakajenga kiota na kutaga. Mwaka uliofuata, 2020, nilisoma utafiti wa Désirée Brucks na Auguste von Bayern. Kasuku wa kijivu waliwekwa wawili wawili, wakapewa vipande vya chuma vya kubadilishana na chakula. Yule ambaye dirisha lake la kubadilishia limefungwa alimpitishia mwenzake vile vipande ili mwenzake ale, bila yeye kupata chochote wakati ule. Jamii nyingine ya kasuku iliyojaribiwa pembeni, makao wa kichwa cha buluu, haikufanya hivyo. Sikushangaa. Nilikwisha kumwona Nahodha akipasua lozi na kumwachia Baharia nusu.

Usiku mmoja wa katikati ya mwezi tulipata hofu ya kweli. Nahodha alitoka katonini akakaa sakafuni, amevimba manyoya, macho nusu, mkia ukipanda na kushuka kila pumzi. Yai lilikuwa limekwama. Yai lililokwama huua ndege kwa muda mfupi, na kliniki ilikuwa imefungwa. Daktari alipokea simu, akasema apatiwe joto na unyevu mpaka tumfikishe. Bibi akazima kiyoyozi. Mei, Maskati, sebule imejaa watu, kiyoyozi kimezimwa na bakuli la maji ya moto linafuka chini ya tundu. Hakuna aliyethubutu kulalamika. Baba alikuwa ameshashika funguo za gari, na Bibi yuko kwenye msala anavuta tasbihi, Nahodha alipojikaza mara moja, akatoa yai lenye ganda laini, akalisukuma kando kwa mdomo. Baada ya robo saa akaomba lozi.

Mayai tuliyapima wiki moja na zaidi baada ya lile la kwanza. Bibi aliyanyanyua moja moja wakati wenyewe wako barazani, nami nikamulika kwa tochi ya simu. Yai lenye mbegu huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika. Yetu yalikuwa na manjano matupu. "Viza. Viza. Viza," akasema Bibi, akiyarudisha palepale, kwa mpangilio uleule.

Aliyarudisha na akaweka sheria. Udi usichomwe ndani mpaka waondoke wenyewe kiotani. Moshi ni mbaya kwa mapafu ya ndege, jambo ambalo daktari alikuwa akitwambia miaka yote na Bibi akimjibu kwamba nyumba isiyo na udi ni ghala. Asubuhi ya Idd chetezo kilikaa barazani. Wageni walifukizwa mlangoni, nguo na ndevu, ndipo wakaingia kula halua, na kila mmoja aliambiwa azungumze polepole. Shangazi aliona haya. Bibi hakuona.

Waliyaacha katika Mfungo Mosi, baada ya kuyalalia mwezi mzima. Kwanza Baharia alianza kuchelewa barazani, kisha Nahodha akapoteza hamu ya kuchana karatasi, na siku moja wote wawili walikuwa juu ya pazia wakipigiana mlio wa simu. Baba aliitoa katoni akaichoma, maana kasuku akipata pahala penye giza hurudia kutaga, na mwili haustahimili kila msimu. Tukaziba nyuma ya kochi, tukapunguza na lozi.

Majina hayakubadilishwa. Ami alibakiwa na kazi ya kuwarudia watu wake mmoja mmoja na kuwaeleza kwamba hakuna dume. Wengi walicheka. Yupo mzee mmoja wa Mabela ambaye hakuelewa, au hakutaka kuelewa, na Ami akija likizo wakikutana msikitini humshika mkono na kumuuliza kinda lake limefikia wapi.