Tyubu Kiganjani

Asubuhi ile ya Julai baridi ya Dodoma ilikuwa imeingia mpaka chumba cha upasuaji. Nilikuwa na miezi miwili tu maabara. Mama wa kwanza kwenye orodha ya upasuaji wa kupanga alitoka Mpwapwa: makovu mawili ya kujifungua kwa upasuaji, na safari hii kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi. Alinisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akanyoosha mkono mwenyewe kabla sijamwomba.

Daktari alitaka tupime kuganda kwa damu yake kabla ya kisu na wakati wa upasuaji. Mashine yetu ilikuwa mbovu tangu wiki iliyotangulia, kwa hiyo ilibaki njia ya kitandani: mililita 5 kwenye tyubu ya kioo, kavu, isiyo na dawa, na saa ya ukutani. Nikaiweka tyubu kwenye trei ya chuma. Dakika 4, 7, 10. Nilipoiinamisha, damu ilitiririka kama juisi ya zabibu.

"Haigandi!" nikasema. Kila kitu kikasimama.

Sista mkuu akaja, akagusa trei. "Mwanangu, uliiweka hapa?"

"Ndiyo, Sista."

Akachota damu nyingine, akanifunga vidole kuizunguka tyubu. Damu ikipoa hukawia kuganda, lazima ikae na joto la mwili. Hilo nilikuwa nimelisoma na kulijibu kwenye mtihani. Dakika ya 6 niliipindua juu chini, na bonge halikusogea. Ndivyo inavyotakiwa kwa mjamzito, maana fibrinojeni yake, protini inayogandisha damu, hupanda mpaka gramu 4 hadi 6 kwa lita, wakati asiye na mimba ana 2 hadi 4.

Mtoto alitoka, wa kike, akalia. Kisha pale kondo lilipokuwa pakaanza kuvuja. Chupa ya kufyonzea ilikaribia lita moja, na dripu zilikuwa zimeshaingia mbili. Nikapewa tyubu ya pili. Mama alikuwa macho, ganzi ikiwa ya mgongo. Akaniona nimekunja ngumi.

"Umeshika nini?"

"Damu yako, mama."

Dakika ya 7 ilikuwa bado inacheza. Ya 9 ikashika, lakini nilipoigonga kidogo ukingo ukamomonyoka kama uji. "Bonge ni laini, na limechelewa," nikasema, sauti ikinitetemeka. Safari hii hakuna aliyeniuliza niliiweka wapi. Traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, gramu 1 ikaingia taratibu kwa dakika 10, ikafuata chupa ya damu. Nikaomba tyubu ya tatu, nikaibana mpaka vidole vikafa ganzi. Dakika ya 6, bonge zima.

Jioni nilipita wodini. Alikuwa amejifunika kanga mbili, mtoto kifuani. Aliponiona akauliza, "Ile ngumi umeshaifungua?" Nikamwonyesha kiganja.