Dakika 30 za chakula

Nimetoka zamu ya uuguzi ya muda wa saa 12 hapa Minnesota, Marekani, na ugali wangu na sukuma wiki umerudi nyumbani kama nilivyoufunga alfajiri.

Nilipoketi tu kula, kengele ya mgonjwa ililia nikaenda, lakini mfumo wa mahudhurio ukanikata dakika 30 kana kwamba nilipumzika.

Leo nimejaza fomu ya kuzidai.
Mkono ulitetemeka, maana nimenyamaza miaka mingi.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 inamtaka mwajiri amlipe muuguzi wa malipo ya saa muda wote aliofanya kazi, na kwa kawaida zikizidi saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu.

Wauguzi wenzangu, mmewahi kudai? Mlijibiwaje?