Behewa Lililobaki Manyoni

Nilianza kujifunza ugadi wa treni za mizigo Reli ya Kati wakati ajali ya Igandu bado iko midomoni mwa kila mtu wa reli. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa mlima, ikarudi nyuma bila breki kushika na kuivaa treni ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 200. Wazee wa kazi walipotaja breki mbele yetu wanagenzi, hawakuwa na mzaha.

Mzee niliyekabidhiwa kwake alikuwa hivyo hivyo. Wengi hudhani gadi kazi yake ni kupunga bendera nyuma ya treni. Tabora nilimwona akipita treni nzima kwa miguu, ananakili namba ya kila behewa, analinganisha na hati za mzigo, anakagua lakiri za milango na kamba za turubai. Gunia likipungua njiani, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Tulifika Manyoni usiku. Kutoka hapo kwenda Saranda reli inateremka ukingo wa Bonde la Ufa, na treni yenye shehena ikishachanganya kwenye mteremko ule, kuirudisha mkononi ni shida. Dereva akafunga breki, Mzee akashika upande mmoja, mimi wa pili, taa mkononi. Kila behewa unainama, unakisukuma kiatu cha breki kwa mguu. Kikiwa kimelibana gurudumu hakitikisiki.

Kwenye behewa moja la saruji kilicheza.

Nikamwita. Akalala chali kwenye kokoto, akaingia chini na taa yake, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alisema fimbo ya breki imekatika, behewa linabaki.

Dereva alishuka. "Mzee wangu, ni moja tu hilo. Mengine yote yanashika."

"Nimesikia. Tulikate."

Simu ya stesheni ikaanza kulia. Njia ni moja, na treni ya kupanda ilikuwa imesimamishwa Saranda ikitusubiri sisi. Nilisikia sauti ya mkubwa ikifoka hadi nje ya ofisi. Mzee alijibu kwa upole, kisha akarudi kufungua kulabu. Behewa likasukumwa laini ya pembeni, tukalikaza breki ya mkono, tukatia magogo chini ya magurudumu, hati zikaandikwa upya. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka tulipoondoka.

Saranda alinipitisha tena treni nzima, safari hii nisogeze kiganja karibu na kila gurudumu. Yote yalikuwa ya moto. "Ukikuta la baridi baada ya mteremko," akaniambia, "ujue breki yake haikufanya kazi, wenzake ndio wamelibeba." Sikufundishwa hivyo darasani, na hadi leo naona ni somo kubwa kuliko yote niliyopewa reli.

Baadaye ilikuja barua ya kumtaka ajieleze kwa kuchelewesha treni mbili. Aliandika namba ya behewa, ubovu wake na mahali lilipoachwa, akatia saini, akanituma niipeleke. Karani aliisoma akiwa amesimama, akaigonga muhuri, akaitia faili.