Miezi Niliyokaa Bila Pombe Ndiyo Iliyofichua Ugonjwa Wangu wa Pili

Nimelazwa mara tatu katika vituo vya kurekebisha waraibu wa pombe. Mara mbili za kwanza niliambiwa kwamba huzuni yangu na kukosa kwangu usingizi vilitokana na pombe, na kwamba nikiiacha vitaondoka vyenyewe. Sikubisha, kwa sababu mtu aliyekunywa kwa miaka 11 hujiona hana haki ya kubishia lolote.

Mara ya tatu, siku ya pili tangu nilazwe, mikono ikitetemeka kiasi cha kumwaga chai kifuani, muuguzi alinisomea fomu ya maswali tisa kuhusu huzuni na hali ya hisia, nami nikapata alama 22 kati ya 27. Nilitarajia kuandikiwa dawa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, siku hiyo hiyo. Daktari wa magonjwa ya akili aliihifadhi fomu kwenye faili, akaeleza kwamba katika siku za mwanzo za kuacha pombe, zile ambazo wenzangu waliziita arosto, kutetemeka, kukesha na kukata tamaa huwapata wengi, hata wasio na ugonjwa mwingine wowote. Jambo moja tu hakuliahirisha: aliniuliza waziwazi kama nilikuwa na mawazo ya kujiua. Nilipokiri, kitanda changu kilihamishiwa karibu na meza ya wauguzi. Aliagiza pia damu yangu ipimwe ili kuchunguza tezi ya thairoidi, kwa kuwa tezi hiyo ikizembea humfanya mtu aonekane ana sonona. Majibu yalitoka salama.

Baada ya wiki nne tulijaza fomu ile tena, nikapata 14. Alama zilikuwa zimeshuka, lakini zilizobaki zilikuwa nyingi mno kuelezwa na arosto peke yake. Ndipo mshauri nasaha alipobandika karatasi nne pamoja, akachora mstari wa miaka katikati, kisha akanipa kalamu mbili: nyekundu ya kuonyesha vipindi vya ulevi, na ya buluu ya kuonyesha jinsi hisia zangu zilivyopanda na kushuka. Kazi hiyo ilituchukua vikao vitatu, kwani kumbukumbu ya mlevi ina mashimo mengi, na kwa ridhaa yangu dada yangu alipigiwa simu ili ayazibe.

Dada alikumbuka nilichokuwa nimekisahau kabisa. Nilipokuwa na miaka 19, kabla sijaonja pombe, nilikaa zaidi ya wiki nikilala muda mfupi mno bila kuchoka, nikizungumza bila kituo, nikagawa fedha zangu zote za ada. Karatasi ilionyesha jambo jingine lililonishangaza zaidi: katika miezi minane niliyokaa bila pombe baada ya kutoka kituo cha kwanza, mstari wa buluu ulizama, kisha ukapaa, na wekundu wa ulevi ulirejea pale mstari wa buluu ulipokuwa umepaa. Miaka yote nilikuwa nikijieleza kuwa mtu anayekunywa kwa huzuni.

Daktari aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Alieleza kwamba dalili zinazoendelea kwa takriban mwezi mmoja au zaidi baada ya arosto kuisha, au zilizotangulia ulevi wenyewe, huashiria ugonjwa unaojitegemea, na kwamba wangu ulikuwa baipola, ugonjwa wa akili ambao hisia huzama katika huzuni nzito na vipindi vingine hupaa kupita kiasi. Akaniuliza kama niliwahi kupewa dawa ya sonona. Niliwahi, katika kliniki moja, na wiki mbili baadaye nilikuwa nikikesha na kuanzisha biashara tatu kwa mpigo. Dawa hiyo ikitumiwa peke yake inaweza kumrusha juu mwenye baipola, ndiyo maana ninashukuru kwamba siku ile ya pili niliambulia maswali matupu.

Nilianzishiwa lithiamu, dawa ya kuzuia hisia zisipae wala kuzama kupita kiasi, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara ili kufuatilia kiwango chake, figo na tezi. Uraibu na baipola vilitibiwa kwa pamoja na timu moja, bila kuniambia nimalize kimoja ndipo nianze kingine.

Karatasi ile ninayo bado, imekunjwa droo ya kitanda, na kila asubuhi huandika pembeni saa nilizolala. Mwezi uliopita ziliandamana tarakimu tatu: nne, nne, tatu, ilhali nilijisikia mzima kuliko kawaida. Nilipiga simu kliniki kabla ya usiku wa nne.