Maji kujaa Inistioge

Mie mtu wa Lamu, kujaa na kupwa nimekujua kabla sijajua kusoma, lakini sikutegemea kukuona kwenye mto ndani kabisa ya Ayalandi. Dadangu ni nesi Waterford, nilipoenda kumtembelea Jumapili moja akanipakia garini tukaenda kijiji kidogo kinaitwa Inistioge, kaunti ya Kilkenny, kando ya mto Nore. Ukitembea pole pole unakimaliza kwa dakika kumi. Katikati kuna uwanja wenye miti ya kivuli, watu wamekaa wanapiga soga, nikakumbuka Mkunguni, uwanja wetu kule Lamu, palepale, halafu ukishuka unakutana na daraja la mawe lenye matao 10.

Tukakaa ukingoni. Nikatupa kijiti majini, na kile kijiti badala ya kushuka na mto kikaanza kupanda! Nikainama niangalie vizuri, matope yaliyokuwa wazi tulipofika yanafunikwa kidogo kidogo, jiwe moja lenye ukoka wa kijani likazama mbele ya macho yangu. Usiku wa kuamkia jana mwezi ulikuwa umeandama, nikamwambia dada, hili bamvua hili, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo. Kumbe maji ya bahari husukuma Nore hadi hapa Inistioge, na bahari huioni wala harufu ya chumvi huipati. Mto huu unaungana na Barrow, kisha Suir, wenyeji wanaiita Madada Watatu, wanatokea bahari ya Waterford pamoja.

Mchana tukapanda Woodstock, jumba la karne ya 18 lililochomwa moto 1922 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, zimebaki kuta na madirisha matupu, ukichungulia unaona mawingu. Ilokosekana ni mibuyu tu, ningesema niko Takwa, magofu yetu kule kisiwa cha Manda. Bustani yake lakini wameifufua, kuna njia nzima ya miti ya araukaria kutoka Chile, nilishika tawi, magamba yake makali kama mgongo wa kenge.

Jioni nikampigia baba. Baba, huku mto unajaa na kupwa. Akauliza wanavua? Nikamwambia zamani walivua samoni kwa mashua mbili bapa, zinashuka sambamba na wavu katikati. Akanyamaza kidogo.

"Waulize mwanangu, macho ya wavu wao inchi ngapi."