Miche ya Matango Niliyotaka Kuitupa

Nilikuwa mwanafunzi mwenye wiki chache tu katika maabara ya lishe ya mimea nilipokabidhiwa miche ya matango iliyooteshwa kwenye maji yenye virutubisho vyote isipokuwa chuma. Haukupita muda mrefu majani machanga yakageuka manjano huku mishipa yake ikisalia kijani, ilhali majani ya chini yalihifadhi rangi yake, kwa kuwa chuma kilichokwisha kutumika katika jani la zamani hakihamii jani jipya kwa urahisi. Niliona miche hiyo imekwisha, nikamwomba msimamizi wangu ruhusa ya kuitupa.

Hakunijibu. Alichemsha agari, ute unaoganda kama jeli, akaichanganya na bromokresoli, rangi inayogeuka kutoka zambarau kuwa manjano tindikali inapoongezeka, akarekebisha pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali inapozidi) mpaka ikawa zambarau iliyokoza, kisha akalaza juu yake mizizi ya mche mmoja wenye njaa, na katika sahani ya pili mizizi ya mche ulioshiba chuma. Baada ya saa kadhaa sahani ya pili ilikuwa vilevile. Katika ile ya kwanza, kandokando ya ncha za mizizi, zambarau ilikuwa imetoweka na manjano yakitanda taratibu: mche niliouhesabu kuwa mfu ulikuwa ukisukuma protoni nje na kuitia tindikali agari iliyouzunguka.

Ndipo akanieleza, nami nikasikiliza kwa aibu, kwamba udongo kwa kawaida una chuma tele, ila kila pH inapopanda kwa 1 chuma kinachoyeyuka hupungua takribani mara 1,000, hivyo mmea kwenye udongo wa chokaa, wenye pH ya juu, hufa njaa ghalani. Tango huanza kwa kuyeyusha kwa tindikali. Kisha kimeng'enya kilicho kwenye utando wa seli za mzizi hugeuza chuma cha chaji tatu kuwa cha chaji mbili, ambacho ndicho mzizi unaweza kukipokea. Shayiri, kama nafaka nyingine za jamii ya nyasi, hufuata njia tofauti: hutoa fitosidirofori, kemikali zinazokumbata chuma cha chaji tatu na kurudi nacho mzizini, na huzitoa kwa wingi saa chache baada ya jua kuchomoza. Mpangilio huo wa saa bado hunistaajabisha.

Sikuitupa miche. Niliirudishia chuma, na majani machanga yalipoanza kurejea ukijani nikalaza mizizi ileile juu ya agari mpya. Safari hii zambarau haikufifia.